Prosesa inakwenda mbio, mbona bado tunasubiri?

Maswali ya safari hii yote yanahusu prosesa, na nilipoyasoma kwa pamoja niliona yana mshangao mmoja: mtu ameambiwa mashine yake ina kasi kubwa, kisha anakaa mbele yake akitazama kiduara kikizunguka kwenye kioo. Nimeyapanga ili la kwanza limsaidie anayesoma la pili. Mwenye muda mdogo asome angalau lile la kashe, yaani kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, maana hapo ndipo penye jibu la mengine mengi.

Mwalimu, shikamoo. Prosesa huitwa ubongo wa kompyuta. Je, kweli inafikiri? Na kama haifikiri, inafanya nini hasa?

Marahaba. Haifikiri, na ningefurahi jina hilo la ubongo likiachwa, kwa sababu linawafanya watu waone fumbo mahali ambapo hakuna fumbo. Prosesa ni kipande cha silikoni chenye swichi ndogo mno ziitwazo transista. Kila swichi ama inapitisha umeme ama inauzuia, na kinachoiwasha au kuizima ni umeme wa swichi nyingine. Ukizipanga chache kwa ustadi unapata sakiti inayojibu swali kama "hiki na hiki vyote vipo?" Ukiongeza nyingine unapata sakiti inayojumlisha namba mbili, au inayoshika namba isipotee. Vyote vilivyomo ndani vimejengwa kwa matofali hayo hayo.

Kazi yake ni kuchota agizo kutoka kwenye kumbukumbu, kulifasiri, kulitekeleza, kisha kwenda kwenye agizo linalofuata. Maagizo yenyewe ni mepesi kiasi cha kushangaza: leta namba iliyoko mahali fulani, ijumlishe na hii, linganisha hizi mbili, zikiwa sawa ruka uende kule, rudisha jibu.

Chukua mfano wa kuongeza mwangaza kwenye picha. Picha yenye nukta milioni 12 ina namba tatu kwa kila nukta: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Prosesa inaleta namba moja, inaiongezea 10, inatazama kama imevuka 255 ambayo ndiyo kikomo, ikiwa imevuka inaishusha hadi 255, kisha inairudisha ilikotoka. Halafu inarudia hayo hayo mara milioni 36. Hakuna hatua hata moja hapo inayomshinda mtoto anayejua kujumlisha. Nguvu iko kwenye wingi, na kwenye kutochoka.

Mpango huu, wa maagizo na data kukaa pamoja katika kumbukumbu moja, ulielezwa katika ripoti ya mwanahisabati John von Neumann ya mwaka 1945. Mashine ya majaribio ya Manchester, Uingereza, ndiyo iliyoendesha kwa mara ya kwanza programu iliyohifadhiwa hivyo ndani yake kwa umeme, tarehe 21 Juni 1948. Mashine ile ilijaza chumba. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilianza kuuza 4004, prosesa nzima kwenye kipande kimoja cha silikoni, yenye transista 2,300. Apple M1 ya mwaka 2020 ina transista bilioni 16. Idadi imepaa, lakini kuchota, kufasiri na kutekeleza ni kule kule.

Gigahezi ni nini? Naona moja imeandikwa 3 na nyingine 4, je, ya 4 lazima iwe bora?

Ndani ya kompyuta kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka bila kupotea hesabu, na sakiti nyingine huizidisha mitetemo hiyo mpaka ikawa mapigo ya haraka. Kila pigo linaiambia prosesa nzima: songa hatua moja. Gigahezi 3 ni mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Ni vigumu kuihisi namba hiyo, basi nikupe kipimo kingine. Katika muda wa pigo moja la gigahezi 3, nuru, ambayo hakuna kinachoishinda mbio, inasafiri sentimita 10 tu. Umeme ndani ya waya huenda polepole kuliko nuru. Ndiyo maana prosesa lazima iwe ndogo, na ndiyo maana kitu kilichoko sentimita chache pembeni yake, kwa macho yake, kiko mbali.

Sasa swali lako. Gigahezi huhesabu mapigo, haihesabu kazi inayofanyika katika kila pigo. Historia ina mfano mzuri sana wa jambo hili, nao ni Pentium 4 ya Intel.

Fikiria watu waliojipanga mstari wakipokezana matofali kutoka kwenye rundo hadi kwenye ukuta. Kila mmoja hupiga hatua chache, humpa mwenzake, hurudi kupokea lingine. Ukiongeza watu kwenye mstari, kila mmoja anabaki na umbali mfupi zaidi, kwa hiyo mdundo wa kupokezana unaweza kuharakishwa. Prosesa hufanya vivyo hivyo: agizo moja hukatwa vipande, na kila kipande kikawa na sehemu yake katika mlolongo. Pentium 4 ilipotoka mwaka 2000 mlolongo wake ulikuwa na hatua 20, na toleo la mwaka 2004 likafikia hatua 31. Ilipigwa hadi gigahezi 3.8. Kwa karatasi, ilikuwa mashine ya ajabu.

Tatizo la mstari mrefu linaonekana pale inapogunduliwa kwamba matofali yaliyoko njiani siyo yaliyotakiwa. Yote hutupwa, na mstari huanza kujazwa upya kutoka mwanzo. Mstari ukiwa mrefu, hasara ni kubwa. Mwaka 2006 kampuni hiyo hiyo ilitoa Core 2 Duo yenye mlolongo mfupi zaidi. Iliyopiga gigahezi 2.4 iliishinda Pentium 4 ya 3.8 katika kazi nyingi, huku ikitumia umeme mdogo.

Kwa hiyo gigahezi zilinganishe kwa prosesa za ukoo mmoja na kizazi kimoja. Hapo 4 ina maana. Ukivuka ukoo au kizazi, namba hiyo peke yake haikwambii kitu, na anayekuuzia kwa namba hiyo pekee anakunyima nusu ya habari.

Mwaka 2000 prosesa zilifika gigahezi 1, na miaka minne baadaye zikakaribia 4. Mbona leo hatuko kwenye 50?

Kwa sababu ya joto. Nalipenda swali hili, maana watu wengi wameshuhudia jambo lenyewe bila kujua kwamba lilitokea.

Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba ukipunguza ukubwa wa transista unaweza kupunguza na volteji yake, yaani msukumo wa umeme, kwa kiwango kile kile. Maana yake ni kwamba unaweka transista nyingi zaidi mahali pale pale, unazipiga kwa kasi zaidi, na joto la eneo lile haliongezeki. Kwa miaka kama 30 viwanda viliishi kwa neema hiyo. Kila kizazi kilikuja na transista zaidi na gigahezi zaidi kwa pamoja.

Kufikia katikati ya muongo wa 2000 neema iliisha. Transista zilikuwa ndogo mno hata zikawa zinavujisha umeme zikiwa zimezimwa, na volteji ikawa haishukiki tena bila swichi kuanza kukosea. Hapo hesabu ikageuka kuwa ngumu. Umeme unaoliwa hukua sambamba na idadi ya mapigo, na hukua kwa mraba wa volteji. Ili kuongeza mapigo unahitaji kuongeza volteji, kwa hiyo unalipa mara mbili. Mwaka 2004 Intel ilifuta mpango wake wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4. Miaka mingi baadaye, prosesa za kasi kabisa za kompyuta za mezani zinagusa gigahezi 6 kwa vipindi vifupi, tena zikiwa na mitambo mikubwa ya kuzipooza.

Transista ziliendelea kuongezeka, ila hazikuweza tena kupelekwa mbio zaidi. Wahandisi wakazitumia kujenga prosesa ya pili pembeni ya ile ya kwanza, kwenye kipande kimoja, kila moja ikiitwa kiini. Kuanzia mwaka 2005 mashine za kawaida za nyumbani zikaanza kuwa na viini viwili, kisha vinne, kisha vinane.

Nimehama kutoka kompyuta ya viini viwili kwenda ya viini vinane. Programu ninayoitumia haijabadilika kasi hata kidogo. Nimedanganywa?

Hukudanganywa, ila hukuambiwa yote. Viini vinane ni wafanyakazi wanane. Kazi ikiwa na mfuatano, kwamba hatua ya pili inahitaji jibu la hatua ya kwanza, mmoja atafanya na saba watamtazama.

Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967, na hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu. Tuseme kazi inachukua dakika 100 kwa kiini kimoja. Dakika 40 ni za hatua zinazofuatana, dakika 60 zinaweza kugawanywa. Ukiwa na viini vinane, zile 60 zinakuwa 7.5, jumla 47.5. Umepata kasi maradufu na kidogo, siyo mara nane. Ukiwa na viini elfu moja, bado hutashuka chini ya dakika 40. Sehemu isiyogawanyika ndiyo inayotawala.

Na hata sehemu inayogawanyika haijigawi yenyewe. Lazima aliyeandika programu aiandike hivyo, kazi yenye mitego mingi, kwa sababu viini viwili vikiandika mahali pamoja kwa wakati mmoja matokeo huharibika. Programu nyingi za zamani hutumia kiini kimoja tu. Kwa programu ya namna hiyo, kilicho muhimu ni uhodari wa kiini kimoja, na huenda viini vya mashine yako mpya, kimoja kimoja, havizidi sana vya ile ya zamani. Jambo jingine: katika prosesa nyingi za sasa viini havilingani. M1 niliyoitaja ina vinne vikubwa vya kazi nzito na vinne vidogo vya kuokoa betri. "Vinane" hapo si mara nane ya kitu kimoja.

Kashe ni kitu gani, na kwa nini huandikwa kwa majivuno wakati ni megabaiti chache tu, ilhali RAM ni gigabaiti 16?

Hili ndilo swali nililolisubiri.

Nilisema kwamba kitu kilichoko sentimita chache kutoka kwenye prosesa kiko mbali. RAM, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta, iko huko. Zaidi ya umbali, RAM imetengenezwa kwa namna ya bei nafuu inayohifadhi chaji ndogo ya umeme, na kuisoma chaji hiyo huchukua muda. Prosesa ikiomba namba kutoka RAM, hungoja karibu nanosekunde 100. Kwa gigahezi 3 hayo ni mapigo 300. Mapigo 300 ya kukaa bure ili kuleta namba ambayo kuijumlisha kutachukua pigo moja.

Tuzivute nyakati hizi zifike kwenye kiwango cha binadamu: pigo moja liwe sekunde moja. Namba iliyo ndani ya rejista, yaani mkononi mwa prosesa, iko tayari papo hapo. Iliyo kwenye kashe ya kwanza inachukua sekunde 4 au 5. Ya kashe ya pili, kama sekunde 15. Ya kashe ya tatu, kama sekunde 45. Iliyo RAM, dakika 5. Iliyo kwenye SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, siku tatu na nusu. Iliyo kwenye diski ya sahani inayozunguka, ambayo huhitaji kama milisekunde 10 kuifikia, karibu mwaka mzima.

Sasa mtazame seremala. Nyundo iko mkononi, misumari iko juu ya meza, randa iko kwenye sanduku miguuni, mbao ziko stoo nyuma ya karakana. Seremala mwenye akili haendi stoo kila anapotaka ubao mmoja. Akienda mara moja anabeba mzigo, na anachokitumia mara kwa mara anakiacha juu ya meza. Meza ni ndogo, lakini kazi yote inafanyika hapo. Kashe ndiyo meza hiyo. Iko ndani ya prosesa yenyewe, imejengwa kwa transista za haraka zinazokula nafasi kubwa, na ndiyo sababu haiwezi kuwa gigabaiti. Maurice Wilkes wa Cambridge aliliandika wazo hili mwaka 1965, na IBM ikaiuza mashine yenye kashe, System/360 Model 85, miaka michache baadaye.

Kashe haijui utataka nini. Inaishi kwa mazoea mawili ya programu: kilichotumika sasa hivi kitatumika tena karibuni, na kilicho jirani na kilichotumika kitafuata. Kwa hiyo ukiomba namba moja, unaletewa pamoja na majirani zake, kwa kawaida baiti 64 kwa safari moja. Namba ikiwa ya baiti 8, umepata nane kwa mpigo.

Jambo hili lilinifunza adabu. Niliwahi kuandika programu ya kujumlisha jedwali la safu mlalo 10,000 na safu wima 10,000. Lilikuwa limepangwa kwenye kumbukumbu mlalo kwa mlalo, lakini mimi, kwa sababu za urahisi wangu, nilijumlisha kwenda chini, wima kwa wima. Programu ilikuwa nzito. Nililaumu prosesa, nikalaumu lugha niliyoitumia, nikafikiria mashine mpya. Kisha mwenzangu mmoja akaniambia nibadilishane mistari miwili, ili nijumlishe kwa mlalo. Idadi ya kujumlisha haikubadilika hata moja, milioni 100 kabla na milioni 100 baada, na jibu lilikuwa lile lile. Muda ulishuka mara kadhaa. Nilipokuwa nikienda wima, kila hatua iliruka safu nzima: naletewa namba nane, natumia moja, nahamia mbali, na nikirudi kwa zile saba meza imeshajazwa vitu vingine na zimeondolewa. Nilikuwa nikienda stoo kwa kila ubao.

Tangu siku ile, mtu akinieleza kwamba programu ni nzito, kabla ya kuuliza gigahezi huuliza data yake imekaaje. Na ukiona prosesa mbili zenye gigahezi sawa, moja ikiwa na kashe maradufu, usiichukulie tofauti hiyo kuwa pambo. Kwa michezo ya video na kazi zinazorukaruka kwenye data nyingi, tofauti huonekana waziwazi.

Nimesikia kwamba prosesa hubahatisha. Mashine ya hesabu inabahatishaje?

Inabahatisha kweli, tena kila wakati, na bila hilo ingekuwa goigoi.

Rudi kwenye mstari wa matofali. Programu zimejaa "kama": kama namba imevuka 255 fanya hivi, la sivyo fanya vile. Agizo hilo linapoingia mwanzoni mwa mlolongo, jibu la "kama" halijulikani mpaka lifike karibu na mwisho, hatua 15 au 20 baadaye. Wakati huo mstari ulishwe nini? Prosesa haikubali kukaa. Inatazama kilichotokea mara zilizopita mahali hapo, inabashiri njia, na kuanza kuifanya kazi ya njia hiyo. Ikipatia, hakuna muda uliopotea. Ikikosea, inaitupa kazi yote ile na kuanza njia ya pili. Kwa programu nyingi hupatia zaidi ya mara 9 katika 10, kwa sababu programu nyingi zina mazoea: katika picha yetu, nukta nyingi hazivuki 255, kwa hiyo "hapana" ni ubashiri mzuri.

Ukitaka kuliona, chukua orodha ndefu ya namba zilizochanganywa ovyo, uhesabu zile zinazozidi 128 kwa "kama" ya kawaida. Kisha zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uhesabu tena. Kuhesabu kwa mara ya pili kunaweza kwenda kasi zaidi kwa mbali, ingawa namba ni zile zile, kwa sababu sasa majibu yanakuja "hapana, hapana, hapana" halafu "ndiyo, ndiyo, ndiyo", na ubashiri karibu haukosi.

Kubashiri huku kuliwahi kuleta mashaka makubwa. Januari 2018 watafiti walitangaza udhaifu uitwao Spectre na Meltdown. Kazi iliyofanywa mapema kisha ikatupwa ilikuwa ikiacha alama kwenye kashe, kama nyayo za mtu aliyeingia chumbani akatoka bila kuchukua kitu. Programu yenye nia mbaya ingeweza kupima ni data ipi inakuja haraka na ipi inachelewa, na kutokana na hapo ikakisia siri za programu nyingine. Masasisho yaliyoziba njia hizo yalipunguza kasi ya baadhi ya kazi. Nawasihi msiyazime masasisho hayo kwa kutafuta kasi kidogo.

Laptopu yangu huanza kazi ya kuhariri video kwa kasi, lakini baada ya dakika kumi inazorota. Ni virusi?

Yaelekea ni joto. Prosesa za sasa zinaruhusiwa kupiga mapigo mengi kupita kiwango chao cha kawaida kwa muda mfupi, mwili ukiwa bado wa baridi. Zikikaribia kikomo chake, ambacho kwa nyingi ni karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, zinajipunguzia mapigo zenyewe ili zisiungue. Hiyo ni hekima, siyo kasoro. Kasoro huja pale kikomo kinapofikiwa mapema kuliko inavyopaswa: vumbi limeziba feni, laptopu imewekwa juu ya kitanda ikakosa pa kuvutia hewa, au ule ute wa kupitisha joto uliopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupooza umekauka kwa miaka. Weka mashine juu ya meza ngumu, isafishe njia za hewa, kisha upime tena kwa kazi ile ile. Laptopu nyembamba sana itazorota hata ikiwa safi, kwa sababu haina pa kulipeleka joto.

"Nanomita 5" na "biti 64" maana yake nini kwa mtu wa kawaida?

Nanomita zilikuwa kipimo cha kweli cha sehemu ya transista. Siku hizi ni jina la kizazi cha utengenezaji, na kila kiwanda hujipangia lake. Mwaka 2021 Intel iliipa teknolojia yake ya nanomita 10 iliyoboreshwa jina jipya la Intel 7, na hapakuwa na kitu ndani kilichogeuka nanomita 7 siku hiyo. Kizazi kipya kwa kawaida hula umeme mdogo, hilo tu ndilo la kukumbuka.

Biti 64 ni upana wa namba ambazo prosesa huzishika kwa mara moja, zikiwemo anwani za kumbukumbu. Kwa biti 32 anwani zinaishia 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4 za RAM. Kwa biti 64 kikomo hicho kiko mbali kuliko mahitaji yako.

Mbona kazi za picha na za akili mnemba hupelekwa kwenye kadi ya picha badala ya prosesa?

Kumbuka ile picha yetu. Nukta milioni 12, na hakuna inayohitaji kujua jibu la mwenzake. Kadi ya picha ina maelfu ya viini vidogo visivyo hodari wa kubashiri wala wa kurukaruka, lakini kwa kazi moja inayorudiwa juu ya data nyingi kwa wakati mmoja havina mpinzani. Akili mnemba nayo, kwa sehemu kubwa, ni kuzidisha na kujumlisha majedwali makubwa ya namba. Kwa kazi yenye "kama" nyingi na mfuatano mrefu, kadi hiyo hiyo ingeshindwa vibaya na prosesa ya kawaida.

Kompyuta yangu ina miaka sita, ilikuwa nyepesi, sasa ni nzito. Prosesa imezeeka? Nibadilishe nini kwanza?

Prosesa haizeeki kwa namna hiyo. Ukiondoa suala la joto, mapigo yake leo ni yale yale ya siku ya kwanza. Kilichobadilika ni mzigo: programu zimekua, kivinjari kinafungua kurasa nzito zaidi, na programu nyingi zinajiwasha pamoja na mashine bila wewe kuziomba.

Usinunue kitu kabla ya kupima. Fungua programu ya kusimamia kazi iliyomo kwenye kompyuta yako, iache wazi, kisha fanya kile kinachokukera. Ikiwa RAM imejaa, kompyuta inahamisha data kwenda diski na kuirudisha, na sasa unajua gharama yake: dakika 5 zimegeuka siku tatu, au mwaka. Ongeza RAM, au funga vichupo vya kivinjari. Ikiwa RAM ina nafasi lakini diski iko asilimia 100, na ni diski ya sahani, ibadilishe kwa SSD kabla ya kitu kingine chochote. Nimeona mashine nyingi za zamani zilizokuwa njiani kutupwa zikifufuka kwa badiliko hilo moja.

Kwenye mstari wa prosesa uwe makini kusoma. Ukiona asilimia 12 au 13 kwenye mashine ya viini vinane, usiseme prosesa imepumzika. Mia ukiigawa kwa nane ni 12.5. Huenda kiini kimoja kimebanwa hadi mwisho na programu isiyojua kugawa kazi, na saba vimekaa. Badilisha mwonekano uone kila kiini peke yake. Kimoja kikiwa juu kabisa na vingine vimelala, prosesa yenye viini zaidi haitakusaidia. Tafuta toleo jipya la programu hiyo, au prosesa ambayo kiini chake kimoja ni hodari kuliko chako.